Maswali na majibu: kuku wangu anataga saa ngapi?

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka kitu kimoja, saa ya kutaga, kwa hiyo nayajibu kwa mpigo, mengine kwa urefu na mengine kwa sentensi mbili tu maana hayana mengi.

"Nina kuku wanne nyuma ya nyumba. Saa 1 asubuhi naenda bandani nakuta kiota kitupu. Hawa wanataga saa ngapi?"

Saa 1 umewahi mno ndugu yangu. Kuku wengi wanataga ndani ya masaa kama sita tangu kupambazuke, yaani kama kwako jua linachomoza saa 12 basi mayai mengi utayakuta kati ya saa 2 na saa 6 mchana, halafu kuna wachache wanajikokota mpaka saa 8 au 9. Wale wa mayai ya kahawia kwa kawaida wanawahi kuliko wa mayai meupe. Pita saa 5 hivi, halafu pita tena jioni kabla hawajapanda kulala. Hiyo ya jioni usiiache, yai likilala kiotani kuna mtu atalikanyaga, likipasuka wanalionja, na kuku akishaijua ladha ya yai kumwachisha ni shughuli kweli kweli.

Siku moja ukiwa na nafasi kaa pembeni kimya uangalie. Anaanza kuhangaika mapema, saa nzima kabla au zaidi, anachungulia kiotani, anatoka, anarudi, anajizungusha, anaokota nyasi anazitupia mgongoni, anatulia. Muda ukifika anainuka kidogo, manyoya yamefura, anahema, halafu yai hilo, na mara nyingi kile kichwa kinene ndo kinatangulia. Ukilishika sekunde ile limelowa na linang'aa, na unyevu unakauka unauona kwa macho yako. Ule ndo utando unaoziba vitundu vya ganda wadudu wasipite, ndo maana watu nawaambia msioshe mayai ovyo. Baadae kidogo anatoka anatetea banda zima lisikie, na wenzie wanaitikia, hata wale ambao hawajataga kitu.

"Kuku wangu alikuwa anataga saa 3 asubuhi, ikawa saa 5, juzi saa 8, jana hakuna kabisa. Anaumwa?"

Haumwi, hebu mwache. Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri, maana watu wanachinja kuku wazima kwa sababu hii.

Yai moja linachukua masaa 24 mpaka 26 kutengenezwa. Yai la leo likishatoka, nusu saa hivi baadae kiini kingine kinadondoka kutoka kwenye ovari kinaingia kwenye mrija. Kinavalishwa ute, kama masaa matatu, kinapata zile ngozi laini za ndani, lisaa limoja na ushee, halafu kinaingia kwenye mfuko wa ganda na huko ndo kinakaa, masaa kama 20. Sasa siku ina masaa 24 na yai linataka 25 na kitu, we piga hesabu, lazima kila siku lisogee mbele kidogo. Niliwahi kukaa na daftari nikamfuatilia koo mmoja mwekundu hivi: jumatatu saa 2, jumanne saa 3 na nusu, jumatano saa 5, alhamisi saa 7 mchana, ijumaa nikasubiri weee hakuna, jumamosi saa 2 na robo huyo amerudi na yai lake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa nini anaruka siku? Kwa sababu homoni inayoangusha kiini mwili unaiachia gizani, usiku, na kiini kinafuata masaa machache baadae. Yai likitoka mchana sana, kiini kinachofuata kingetakiwa kidondoke alasiri au jioni, na hapo mwili unagoma, unasubiri giza liingie. Kinadondoka kesho yake asubuhi na yai unaliona keshokutwa. Kuku wa kisasa waliochaguliwa kwa ajili ya mayai wana saa iliyo karibu sana na 24 kwa hiyo wanaweza kwenda wiki kadhaa bila kuruka. Wa kienyeji wanataga siku chache wanapumzika, ndo walivyo. Cha kukutia wasiwasi ni kuku aliyejikunyata, hali chakula, kasimama wima kama anasukuma kitu kisichotoka. Huyo yai linaweza kuwa limemkwama na ni la kumtafutia daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

"Nimewawekea viota vitatu lakini wote wanapanga foleni kwenye kimoja, wengine wanapandiana. Nifanyeje?"

Usifanye kitu, hiyo foleni ipo kila banda. Kuku anaamini pale ambapo mwenzie ameshataga, kwa akili yake pale ni salama. Kiota kimoja kwa kuku wanne au watano kinatosha, mradi kiwe na kigiza, nyasi kavu au maranda, na kiwe chini kuliko fito za kulalia, kikiwa juu watalala humo na asubuhi utakuta choo badala ya yai. Ukitaka kuwagawanya weka yai la uongo kwenye vile vingine, hata mpira wa gofu unawadanganya. Ila jua kwamba anayekosa nafasi anaweza kulizuia yai masaa kadhaa, na yai lililochelewa tumboni wakati mwingine linatoka na vumbi vumbi la chokaa juu au limebonyea ubavu mmoja.

"Asubuhi nakuta yai chini ya fito, ganda laini kama mfuko wa nailoni. Anataga usiku?"

Ndiyo, limemponyoka usingizini. Ganda linajengwa usiku kucha, na kuku asipokuwa na madini ya chokaa ya kutosha tumboni mwili unakopa kwenye mifupa, ikishindikana yai linatoka uchi. Mwekee chokaa ya mifugo au maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa kwenye chombo chake peke yake, hasa alasiri, maana muda huo ndo kuku anayetengeneza yai anayafuata mwenyewe. Tembe anayeanza kutaga akikosea mara moja mbili ni kawaida, mashine bado inajipanga. Wakifanya hivyo kuku wengi kwa pamoja, au hofu imewaingia usiku (panya, mbwa, nyoka) au kuna ugonjwa, usikae nalo.

"Nikiwafungulia asubuhi wanataga vichakani, mayai nayakuta yameshaoza."

Wafungulie saa 4 au 5, wakati wengi wameshamaliza. Fanya hivyo wiki mbili tatu mfululizo mpaka kiota kiwakae kichwani, ila maji na chakula viwepo ndani. Na yule mjanja anayeponyoka hata hivyo, msikilize atakapotetea, kafuate sauti.

"Anaweza kutaga mawili kwa siku? Na bila jogoo je?"

Mawili ni nadra sana na mara nyingi moja linakuwa halina ganda. Usichanganye na yai la viini viwili, hilo matembe wanalitoa sana kwa sababu viini vimedondoka pamoja. Jogoo hahusiki na kutaga, yeye kazi yake ni vifaranga.

"Mmoja anakaa kiotani kutwa nzima na yai silioni. Saa yake imeharibika?"

Huyo saa yake imesimama, siyo imeharibika. Anataka kuatamia, na kuku anayeatamia hatagi. Kama una mayai yenye mbegu mpe, baada ya siku 21 unapata vifaranga. Kama huna, mtoe, muweke siku tatu nne kwenye tundu lenye sakafu ya wavu, bila nyasi, upepo umpige tumboni, na baada ya wiki moja mbili anarudi kutaga. Lakini kabla hujamhukumu mguse kwanza. Akifura manyoya, akanguruma na kukudonoa mkono, basi anaatamia. Akiruka na kukimbia alikuwa kwenye shughuli zake za kawaida na umemkatisha, rudi baada ya lisaa.