Dakika 52 zilizogoma kushuka

Miezi minne daftari langu lilijaa namba zile zile: 52, 53, 52. Ni dakika za baiskeli hapa Mwanza, Nyakato hadi Kisesa na kurudi, mara tatu kwa wiki. Mwanzoni nilikuwa nakata karibu dakika nzima kila wiki, nikawa naisubiri Jumamosi kama sikukuu. Kisha muda ukagoma. Nikaanza visingizio: leo kuna mawingu, leo cheni inalia. Mwishowe baiskeli ikaegemea ukuta siku tisa bila kuguswa.

Kama umefika hapo, pole sana. Inauma, najua.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja muuza maziwa, karibu na njia ya kuingia Bujora. Madumu mawili kwenye keria, anatoka kijijini tangu alfajiri. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akainama akaminya tairi langu la nyuma kwa kidole gumba. Likabonyea. "Mwanangu, hapa upepo hakuna." Wiki ngapi nilikuwa nalalamikia miguu, kumbe navuta tairi legevu!

Jioni ile nikafungua daftari upya, safari hii nikitazama saa niliyotoka badala ya muda niliotumia. Miezi ya mwanzo nilikuwa natoka alfajiri. Baadaye kazi ilibadilika, nikawa natoka alasiri. Sasa, anayeishi Mwanza anajua: jua likishapasha nchi kavu, upepo unavuma kutoka ziwani, na ukirudi mjini unakupiga kifuani. Dakika 52 za alasiri si sawa na dakika 52 za alfajiri. Nilikuwa nimeongeza nguvu, ila upepo ulikuwa unazila. Kwa hiyo kabla hujakata tamaa, linganisha safari za saa ile ile ya siku, njia ile ile na tairi lililojaa.

Lakini uchovu nao ulikuwa wa kweli. Misuli hujijenga wakati wa kupumzika, na mimi sikuipa nafasi. Kila siku nilikwenda kasi ya kati, ambayo haipumzishi wala haisukumi. Siku hizi safari mbili ni za taratibu, kiasi cha kuongea sentensi nzima bila kuhema. Naelekea Igombe nikiona mitumbwi ya dagaa ikirudi na karabai zilizozimwa. Moja tu ndiyo ya kujitesa: kilima cha Capri Point, dakika tatu kwa nguvu, nashuka polepole, narudia mara tano. Kila wiki ya nne napunguza karibu nusu. Na kama umepumzika vya kutosha bado mwili ni mzito, nenda ukapime malaria na damu, usijilazimishe.

Jumapili siandiki muda wowote. Tunakwenda Kisesa na mdogo wangu, tunakunywa maziwa mgando kwenye kivuli, yeye anatangulia kurudi na mimi namfuata nyuma.