Kumtunza mzee nyumbani kwake, Marekani: umepewa 1099-NEC (fomu ya malipo ya mkandarasi), si W-2 (fomu ya mshahara wa mwajiriwa)

Kama familia ndiyo inayokupangia saa na namna ya kumwogesha na kumlisha mzee, wewe ni mwajiriwa wao, hata kama mliandikiana "mkandarasi". Usikimbilie Schedule C, fomu ya mapato ya anayejiajiri. Huko unabeba peke yako 15.3% ya Social Security na Medicare (makato ya pensheni na ya bima ya afya ya wazee). Jaza SS-8, fomu ya kuomba IRS (mamlaka ya kodi) iamue kama wewe ni mwajiriwa, uitume kivyake, usiibane na ritani yako ya kodi. Kwenye 1040, yaani ritani yenyewe, ambatisha Fomu 8919 (ya makato ambayo mwajiri hakukukata), sababu G (umetuma SS-8, hujajibiwa), mshahara uingie mstari wa 1g: utalipa 7.65% yako tu, pamoja na kodi ya mapato. Usingoje jibu la SS-8, huchukua miezi. Waliolipwa taslimu bila karatasi yoyote nao huripoti. Mstari wa 1b wa 1040 upo kwa ajili hiyo.