Hela ya korosho ikiingia, kabla hujakimbilia pikipiki

Wandugu wa Lindi na Mtwara tunajuana, hela ya mnada ikishasoma kwenye simu mtu anawaza pikipiki, sabufa, wengine mke wa pili kabisa 😂 sikatai, hela ni yako. Mi naongea na yule anaetaka hela yake imletee nyingine mwezi wa sita, anunue pampu ya sola ya kumwagilia mboga, maana korosho ikishauzwa hapo katikati mfukoni panakuwa peupe.

Mi nina bustani bonde la Lukuledi, zamani nilimwagilia kwa pampu ya petroli, siku hizi sola. Ya petroli bei yake dukani inavutia ndo maana wengi wananasa hapo, ila kila ukitaka maji unatoa hela, mara plagi, mara oili, na petroli ikipanda mchicha wako bei ni ile ile. Sola unaumia siku ya kununua tu. Kwahiyo chukua daftari, andika mafuta yote unayochoma kiangazi kizima na hela ya fundi, halafu ndo ulinganishe. Kama una matuta mawili ya mboga za nyumbani haikulipi, baki na ndoo yako.

Kwenye semina vitu kama hivi, vya kuingiza hela bila kuharibu mazingira, wanaita uwekezaji wa kijani (unapewa soda na nauli unarudi), ila hela ipo kweli. Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilitunza msitu wao, 2009 vikaingia kwenye cheti cha FSC (cha kimataifa, kinaonyesha mbao zimetoka msitu unaotunzwa vizuri), mpingo ukaanza kuuzwa na kijiji chenyewe kwa bei inayoeleweka, sio yule wa lori la usiku anakuachia hela ya chumvi.

Na hali ya hewa yetu mnaiona. Kimbunga Hidaya kilipokuja mwezi wa tano 2024 barabara ya Dar ikakatika huko Kilwa, magari yamekwama, vitu vya kutoka Dar havifiki, sasa aliekuwa na mboga sehemu ya muinuko alipanga bei mwenyewe. Ndo maana paneli zangu sijazijengea, zimekaa kwenye fremu ya kubebeka, TMA (wale wa hali ya hewa) wakitangaza mvua kubwa nabeba paneli na pampu narudi navyo nyumbani, na wezi pia wanakosa. Halafu kipindi cha kupulizia mikorosho angalia salfa, ile vumbi ya njano inatanda juu ya kioo na maji yanapungua kabisa, we unadhani pampu imekufa. Futa kwa kitambaa na maji asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Usiuze kangomba (korosho kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, nje ya mnada) ili uwahi pampu, utapunjwa huku na huku. Kama haitoshi nunueni wawili mnaopakana mashamba mpeane siku. Dukani sema kina cha kisima chako na maji yanapanda umbali gani, muuzaji asiekuuliza hivyo mkimbie. Mwambie aje aijaribu bondeni kwako saa tatu asubuhi, sio saa sita jua la utosi ambapo pampu yoyote inatoa maji, na risiti udai, waranti bila risiti ni stori tu.