Maswali Yenu: Nachemsha maji kila siku, mbona meno ya mtoto yana madoa?

SWALI: Habari za kazi. Mie naishi Usa River, nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka 9, meno yake ya mbele yametoka na madoa ya kahawia na wenzie shuleni wanamtania. Maji nachemsha kila siku, gesi inaniishia hapo hapo, na filta ya mishumaa ya udongo nilishanunua. Mdogo ana mwaka na nusu. Jirani mmoja ananiambia nitafute filta ya mifupa, mwingine anasema ya nano, nimechanganyikiwa. Nifanyeje? (Mama wawili)

JIBU: Pole dada, na usijilaumu, maana umefanya kila ulichofundishwa kuhusu maji safi, shida ni kwamba ulichofundishwa ni habari ya vijidudu na huyo mdudu wako hapo sio kijidudu. Ni floraidi, madini ambayo yakizidi kwenye maji yanatia meno ya mtoto madoa wakati yanajengeka. Inatoka kwenye mawe ya volkano ya huko Meru, maji yanapita humo chini yanaibeba, na ndo maana chemchemi hii inaweza ikawa nzuri tu halafu ile ya pili, mwendo mfupi, ikawa balaa. Haina rangi, haina harufu, maji yanang'aa kabisa.

Kuchemsha kunaua vijidudu, usiache. Ila floraidi haipandi na mvuke. Piga hesabu: una lita 5 zenye miligramu 4 kwa kila lita, jumla 20. Ukichemsha zikabaki lita 4, zile 20 bado zimo humo, kwa hiyo sasa kila lita ina 5. Umeongeza! Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Na filta ya mishumaa inachuja tope na vijidudu, basi. Mie mwenyewe niliuziwa moja, muuzaji akaniapia "inatoa kila kitu kaka", dah.

Majirani zako wote wawili wako sahihi. Ya mifupa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo hapo Arumeru, wameufanyia kazi miaka mingi. Floraidi inapenda mfupa, si ndo maana inaingia kwenye meno na mifupa ya watu, sasa hapa unaipa mfupa wa ng'ombe ikamatie huko kabla haijamfikia mtoto. Ya nano ni ya Dkt. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Arusha, ndo iliyochukua tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi mwaka 2015, ya kwanza kabisa kutolewa. Ni mchanga wa kuchujia ukiunganishwa na vitu vya nano, yaani vya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na kilichonifurahisha mie ni kwamba anaanza kwa kupima maji ya sehemu husika ndo achague cha kuweka ndani, sio filta moja kwa nchi nzima.

Sasa sikiliza hapa maana ndo watu wengi wanapoangukia. Filta yoyote ya namna hii inashiba. Ikishashiba maji yanapita tu kama kwenye bomba, na wewe ulimi wako hauwezi kujua. Kwa hiyo kabla hujatoa hela muulize muuzaji vitu vitatu: maji ya hapa kwangu yana miligramu ngapi, na nikishatumia lita ngapi nibadilishe hayo ya ndani, na nani ananibadilishia. Akibabaika, ondoka.

Wakati unajipanga, kinga mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Bati la mita 40 za mraba, mvua ikipiga milimita 25, ni lita 1000, toa kidogo za kuoshea bati mwanzoni. Ukitumia dumu moja la lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia TU, simtanki ya 1000 inakupeleka siku 50. Kufua na kudeki tumia ya bomba. Hayo ya mvua bado chemsha, ndege hawana adabu.

Na magadi kwenye makande na maharage punguza au acha, magadi mengi ya kwetu yana floraidi nayo, watu wanasahau hiyo kabisa.

Mkubwa, madoa hayatoki kwa kubadili maji, mpeleke kwa daktari wa meno, wana namna ya kuyapunguza. Pigania huyo mdogo, meno yake ya ukubwani yanajengeka sasa hivi hadi kwenye miaka 8 hivi.

SWALI: Mimi ni Muislamu, hiyo mifupa ya filta nina uhakika gani ni ya ng'ombe? Na siwezi kuchoma mwenyewe nyumbani? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Kaka, muulize anayetengeneza mifupa anaitoa machinjio gani, ni haki yako kabisa, na hukumu yake kamuulize shehe wako, mie sio mtu wa hapo. Ukiona moyo unasita, mvua ipo, na hiyo ya nano ipo. Ila kuchoma mwenyewe, hapana. Inatakiwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi na hewa kidogo. Ikiungua mno ikawa nyeupe pee nguvu inapungua, ikiungua nusu nusu kwenye jiko la mkaa utakunywa maji ya njano yenye harufu ya supu ya juzi.