Uliza Fundi: Jembe linalochomoka, patasi inayorarua

SWALI: Niko kwenye mafunzo ya bweni ya miezi mitatu hapa Hindi, Lamu. Asubuhi tunalima, alasiri tunachonga. Jembe langu linachomoka mpinini. Nikililaza ndani ya ndoo ya maji usiku, asubuhi limekaza. Ikifika saa tano limelegea tena. Dawa ni nini? – Mwanafunzi, Hindi

JIBU: Achana na ndoo. Mti ukinywa maji huvimba, na kwa kuwa pete ya chuma haitanuki, nyuzi zake hupondeka humo ndani. Jua likiukausha hunywea ukawa mwembamba kuliko jana.

Chanzo ni mpini uliopachikwa ungali mbichi. Tafuta mkwaju au mpera, umenye gome maana wadudu wa kutoboa hujificha chini yake, paka ncha zote mbili rangi au nta, kisha ulaze kivulini juu ya vijiti upate hewa. Ncha hupakwa kwa sababu maji hutoka upesi hapo, na ndipo nyufa zinapoanzia. Usihesabu wiki. Omba mizani ya duka, upime kila Jumamosi. Uzito ukiacha kushuka, mti umekauka. Angalia na nyuzi: zikienda moja kwa moja juu hadi chini, sawa. Zikitokea ubavuni, mpini utavunjikia hapo hapo. Na kwa kuwa huenda mafunzo yakaisha wako haujakauka, anza na mpini mkavu wa jembe lililokufa.

Jembe la pete huvalishwa kutoka ncha nyembamba ya mpini hadi ile nene. Paka masizi ndani ya pete, livalishe, livue. Penye weusi ndipo panapogusa: paparuza hapo tu, urudie mpaka weusi uzunguke mpini wote. Wengi huchoka hapa, wakasokota kitambaa au kipande cha mpira wa tairi, na palizi haiishi kabla jembe halijalegea tena. Mwisho simamisha jembe kichwa chini, ncha nene ikiwa imetokeza, uigonge juu ya gogo. Mpini husimama, chuma hushuka na kubana.

SWALI: Nachonga ua la nakshi kwenye ubao wa mwembe. Upande mmoja patasi inakata vizuri, upande wa pili inararua. Nimeinoa mara mbili. – Mwanafunzi, Hindi

JIBU: Unachonga dhidi ya nyuzi. Kwenye duara mwelekeo hubadilika kila robo, kwa hiyo nawe ubadilishe upande wa kusimama, au uzungushe ubao. Ukiona nyuzi zinanyanyuka mbele ya makali, simama, uje kutoka upande wa pili. Mwembe una nyuzi za kupindana, kwa hiyo usilazimishe pigo refu. Kata kwanza mstari wa ua wima, kina cha milimita 2 au 3, ndipo uje kwa mshazari kutokea upande unaotupwa. Mstari ule ndio unaozuia mpasuko usiingie kwenye petali.

Hata hivyo kagua patasi. Mgongo wake uwe bapa kabisa kwenye kinoo, makali yawe ya pembe ya digrii 25 hadi 30. Chini ya hapo hupukutika kwenye mti mgumu. Noa mpaka uhisi kwa kidole gumba ukingo mwembamba umejikunja mgongoni, kisha uuondoe. Ijaribu kwenye kichwa cha ubao laini: ikiacha uso unaong'aa, tayari. Na gonga kwa nyundo ya mti, si ya chuma, mpini wa patasi usije ukapasuka.

SWALI: Mche wa mnazi nauzika kiasi gani? – Msomaji, Malindi

JIBU: Shimo sentimita 60 kila upande, mita 9 kati ya mche na mche, masika yakianza. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Funika nazi tu. Shingo ya chipukizi ikizikwa huoza. Magogo ya minazi iliyokufa yachome au uyaondoe shambani, kwani chonga, mdudu mwenye pembe anayeshambulia minazi, hutaga humo, kisha huja kutoboa moyo wa mche.