Wadogo zangu wa kuvua kwa mshipi, punguzeni makorokoro

Jumamosi niliwaona vijana wakipanda boti pale Msasani, makasha yamejaa chambo bandia za kila rangi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mwezi una siku ngapi. Hebu tuelewane.

1. Mwezi kwanza, ndoano baadaye. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa na kupwa sana na mkondo unavuta. Chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, lililokutosha maji yakiwa mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, litabebwa tu, na chambo hakitafika mwambani. Anza na jepesi, ongeza mpaka usikie linagonga chini.

2. Ndoano namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Ukifika zile zenye mkwaju na sifuri, hesabu inageuka: 5/0 ni kubwa kuliko 1/0. Kuna bwana mdogo alinibishia hadi nikamwekea zote kiganjani, akanyamaza. Changu ana kinywa kidogo, 5/0 ya nini?

3. Nguru ana meno, kwa hiyo waya. Hilo mnalijua. Nami nililijua siku niliyokuwa namvuta samaki kibua mzima kama chambo nyuma ya boti, waya safi, ndoano moja puani. Mshipi ukashtuka, ukalegea. Navuta, kimebaki kichwa. Kiwiliwili kimekatwa nyuma ya ndoano kama kwa wembe. Nikaweka kibua mwingine, yakawa yale yale. Nahodha alikuwa hapo hapo kwenye usukani, lakini nilikuwa na fimbo mpya na rili mpya, ningemuulizaje? Nikaamua mwenyewe kwamba vibua wameoza. Kesho yake nikaenda soko la samaki la Feri kumfokea mama aliyeniuzia, mbele za watu. Akanisikiliza huku anaparua samaki wake, kisha akauliza, “Alikatwa wapi, baba?” Nikamwonyesha. “Kwa hiyo nilikuuzia kichwa kizima na mkia uliooza?”

Waliokuwepo walicheka mpaka wachuuzi wa meza za mbali wakaja kuuliza kuna nini. Nguru hushambulia kwa kasi, na mara nyingi hukata mkia kwanza. Funga ndoano ya pili karibu na mkia, iunganishe na ya mbele kwa kipande cha waya. Yule mama alinieleza hayo bure, halafu akanitoza vibua bei ya mgeni. Nililipa.

4. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Nailoni ikisuguana kavu hupata joto na kudhoofika.

5. Ngisi mkate vipande vyembamba, virefu, umchome mwisho mmoja. Akizunguka majini, mshipi wote utajisokota.

6. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975. Hapo hakuna kuvua, na “tulikuwa tunapita tu” haisaidii mshipi ukiwa ndani ya maji.

Hizo rangi zote za chambo bandia? Beba mbili, moja ya juu na moja ya kuzama, hela nyingine nunua barafu. Na aliyeazima koleo langu la kukatia waya, tunatoka Ijumaa alfajiri.