Waranti Imetoka, Sasa Nifanyeje? Maswali Yenu kwa Wakili

SWALI: Wakili salaam. Mimi ni mtu wa bodaboda hapa Malindi. Mwaka jana nilishikwa na kosa la trafiki, nikaacha dhamana ya pesa taslimu nikapewa tarehe ya kortini, ila siku hiyo mama alikuwa amelazwa sikuenda. Juzi kuna jamaa kanitumia WhatsApp picha ya karatasi ina nembo ya serikali na jina langu, anasema yeye ni afisa na waranti yangu iko mezani kwake, nikimtumia elfu nane ataifuta. Nitume? Ama hiyo waranti ishapitwa na wakati?

JIBU: Usitume hata shilingi ndugu yangu. Askari hafuti waranti, awe konstebo ama OCS (mkuu wa kituo) mwenyewe, kwa sababu hiyo ni amri ya hakimu ya kukukamata na polisi wanatumwa tu kuitekeleza. Kwa hiyo huyo ama ni tapeli ama ni karao mla rushwa, na vyovyote vile ukimlipa leo faili kortini halijaguswa na wiki ijayo atakuja mwenzake.

Hebu fungua tena hiyo picha uiangalie vizuri. Waranti ya kukamata hapa Kenya lazima iwe na sahihi ya hakimu au jaji na muhuri wa korti, ikutaje wewe, na iseme kwa kifupi umeshtakiwa kwa kosa gani. Nembo ya serikali hata mtoto anaitoa Google. Kisha chukua ile risiti ya dhamana uliyopewa, linganisha namba ya kesi. Kama kwenye picha hakuna namba ama haifanani na yako basi ushajua unacheza na nani.

Sasa usifurahi sana, maana karatasi inaweza kuwa feki na waranti yenyewe ikawa ipo kweli. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana akiitwa jina asijibu, kawaida hakimu anaitoa hapohapo na kuendelea na kesi nyingine. Na haina ekspaya, inabaki na nguvu mpaka itekelezwe ama korti iliyoitoa iifute, hata ipite miaka kumi, na kuhamia Nakuru haisaidii kwa sababu inafanya kazi nchi nzima. Wengi wananaswa kwa jambo dogo kabisa, umesimamishwa barabarani kwa sababu ya helmeti, jina likaangaliwa, basi.

Nenda mwenyewe. Asubuhi na mapema kwenye korti ileile, ofisi ya rejista, ukiwa na kitambulisho, risiti ya dhamana na karatasi ya hospitali yenye tarehe mama aliyolazwa, hiyo tarehe ndiyo itakayokutetea. Mwambie karani unataka faili lako lipelekwe mbele ya hakimu uombe waranti iondolewe. Mdomo uwe mfupi mbele ya hakimu, sema ukweli, onyesha karatasi. Anaweza kuiondoa na kukupa tarehe mpya, anaweza kukukazia masharti, na zile pesa za dhamana zinaweza kuwa zishachukuliwa na serikali, lakini mtu aliyejileta na mtu aliyeletwa na pingu hawatazamwi jicho moja.

Na si kila waranti inakulaza ndani. Hakimu anaweza kuandika juu yake kwamba ukipata wadhamini na kutia sahihi bondi uachiliwe, hapo askari anatakiwa akuachilie. Pia ipo ya shahidi aliyepuuza samansi, huyo si mshtakiwa wa kesi hiyo ila ataletwa akiseme alichokiona.

SWALI: Nimekopa kwa app nikachelewa, wananitumia meseji eti natafutwa na DCI, wapelelezi wa jinai. Ni kweli? (Mama wawili, Likoni)

JIBU: Kitisho tu mama. Kushindwa kulipa deni peke yake si jinai. Anayekudai anatakiwa akushtaki kesi ya madai, ashinde, halafu uitwe korti ueleze kwa nini usifungwe. Ukipuuza wito huo ndipo waranti inaweza kutoka, na kifungo chake hakizidi miezi 6, tena anayekudai ndiye anayegharamia chakula chako humo ndani, na ukitoka deni liko palepale. Ndiyo maana wengi wao hawafiki huko, meseji ni rahisi zaidi.

SWALI: Niko Riyadh, nimetoka kwa bosi kwa sababu ya mateso. Anasema ataniweka Interpol red notice nikamatwe hata nikifika JKIA.

JIBU: Pole sana dada. Bosi hana ufunguo wa Interpol, shirika la polisi wa kimataifa. Ombi linatoka kwa polisi wa nchi kupitia ofisi yao ya Interpol, au kwa mahakama ya kimataifa, na kwa mtu anayetafutwa ashtakiwe lazima kuwe na waranti ya korti nyuma yake na kosa la kifungo cha angalau miaka 2. Ugomvi wa kazi haumo. Anachoweza kufanya ni kuripoti kwamba umetoroka kazini, ile mnayoiita huroob, na hiyo si ndogo, inakuharibia ikama (kibali chako cha kuishi huko) na unaweza kushikwa urudishwe nyumbani, kwa hiyo wasiliana na ubalozi wetu mapema.

Na hizo notisi zina rangi. Nyekundu ni ya mtu anayetakiwa akamatwe, na hata hiyo si waranti ya dunia nzima, kila nchi inaamua kwa sheria zake. Bluu wanataka tu habari za mtu, aliko ama anachofanya. Njano ni aliyepotea, nyeusi ni maiti isiyojulikana. Kusakwa nako si kuhukumiwa: Félicien Kabuga wa Rwanda, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya 1994, 2002 picha yake ilikuwa kwenye magazeti ya Kenya na zawadi ya Marekani ya hadi dola milioni 5, akashikwa karibu na Paris Mei 2020, na 2023 kesi ikasimamishwa kwa sababu ya afya bila hukumu yoyote.

SWALI: Polisi wanaweza kunishika bila karatasi?

JIBU: Wanaweza, kwa makosa mengi, mfano wakikukuta ukitenda ama wakikushuku kwa sababu za maana. Ila wakuambie sababu kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Zikiishia wikendi ni mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata, ndiyo maana watu wanaogopa kushikwa Ijumaa jioni. Wakisema wana waranti una haki ya kuiona, itishe.